Shajara ya mradi: daftari la wachangiaji kabla ya Ramadhani

Jumatatu, 6 Januari 2025

Rajab imeingia. Kamati imenikabidhi kazi ya kutafuta programu ya kuhifadhi kumbukumbu za wachangiaji, kwa sharti moja: iwe inafanya kazi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Sisi ni shirika dogo la Mombasa. Tunawalipia karo watoto mayatima, kuanzia Mji wa Kale na Bondeni hadi Majengo na Kisauni, na sehemu kubwa ya mapato yetu ya mwaka huingia ndani ya mwezi huo mmoja. Programu itakayokuja baada ya Idi itatulazimu kungoja mwaka mzima ndipo tujue kama inafaa.

Kwa sasa kumbukumbu ziko mahali patatu. Kuna daftari la Maalim, mweka hazina wetu, lenye jalada gumu jeusi, na kurasa zake za mwanzo ameziandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kuna faili ya Excel ya mhasibu. Na kuna simu za wanakamati, ambamo ahadi za watu zimelala kwenye WhatsApp. Mchangiaji akipiga simu kuuliza, "Ile zaka yangu ya mwaka jana ilimfikia nani?", inabidi tuulizane watu watatu, na majibu mara nyingine hayalingani. Hilo ndilo linaloniuma. Aliyetukabidhi amana ana haki ya kujibiwa papo hapo.

Wengi hushauri kazi ya namna hii ianze kwa orodha ya sifa unazozitaka, kisha ulinganishe programu moja baada ya nyingine. Nimeamua kuanzia kwingine. Nimemwomba mhasibu anitolee michango iliyotusumbua Ramadhani iliyopita, ile iliyokaa kwenye safu ya "haijulikani" mpaka Shawwal. Kila programu nitakayoijaribu nitaipa michango hiyo hiyo. Programu yoyote huandika vizuri mchango wa mtu mwenye majina mawili aliyelipa kwa kadi ya benki. Wachangiaji wetu si hao.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeshinda na majina.

Kuna mama wa Bondeni ambaye mtaani kote ni Mama Swaleh, na katika daftari la Maalim ameandikwa hivyo hivyo. Kwenye taarifa ya M-Pesa anatokea kwa jina la kitambulisho, herufi kubwa tupu: FATMA, kisha jina la baba. Kwenye kundi la WhatsApp amejiita Umm Swaleh. Mara moja alipotoa hundi, jina likaja Fatuma. Excel ina watu wanne. Bondeni kuna mmoja. Na kwa kuwa kila mmoja wa hao wanne anaonekana ametoa kidogo, mama huyu hajawahi kuingia katika orodha ya wale ambao mwenyekiti huwapigia simu kuwashukuru, ilhali ukijumlisha anaingia bila shaka.

Kinyume chake pia kipo. Mohamed Ali wa Kibokoni na Mohamed Ali wa Majengo ni watu wawili wasiojuana, na faili yetu imewafanya mmoja. Ongeza na tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammad, na kifupi cha Mohd, Abdalla na Abdullah, Khadija na Hadija, Asha na Aisha, ambao mara ni mtu mmoja na mara si mmoja.

Programu nyingi za wachangiaji zimetungwa mahali ambapo nyumba nzima hubeba jina moja la ukoo. Zinauliza jina la kwanza na la mwisho, halafu zinawaweka pamoja wenye jina la mwisho linalofanana. Kwetu jina la mwisho aghalabu ni la babu. Mke habebi jina la mume. Ndugu wa mama mmoja na baba mbalimbali hawafanani jina lolote baada ya la kwanza. Programu inayodhani kwamba jina la mwisho ni familia itatuunganishia wasiohusiana na kututenganishia mke na mume.

Baada ya alasiri nilipita kwa Maalim kumwonyesha orodha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kompyuta yako itamjua Mama Swaleh?"

Nikamwambia, "Itamjua, Maalim, tukiifundisha."

"Basi ifundishe na mtaa wake. Mimi siku zote watu nawajua kwa mtaa, na mtoto wa nani."

Sijapata ushauri mzuri kuliko huo katika kazi hii. Nimeuandika kama sharti la kwanza: jina la kitambulisho, jina la mtaani, na mtaa, kila kimoja na mahali pake. Sharti la pili ni kwamba programu ikiona watu wanaoelekea kuwa mmoja ipendekeze tu, uamuzi ubaki kwa binadamu anayewajua.

Jumatatu, 20 Januari

Shilingi elfu tano za zaka na elfu tano za sadaka zikilala katika akaunti moja ya benki hazitofautiani hata chembe. Kwa aliyezitoa zinatofautiana sana. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na kamati yetu haigusi zaka kwa ajili ya kodi ya ofisi wala rangi ya ukumbi. Sadaka ina nafasi pana zaidi. Fitri ina saa yake: lazima imfikie maskini kabla ya sala ya Idi, na huku pwani, tunakofuata madhehebu ya Imam Shafi, inatoka kama chakula, pishi kwa kila kichwa. Waqfu ni mali ambayo asili yake haiguswi, yanaliwa matunda yake tu.

Kwa hiyo nia ya mtoaji kwetu si maelezo ya kuandikwa pembeni mwa safu. Ndiyo uti wa mgongo wa hesabu yote. Programu nitakayoikubali lazima inijibu usiku wowote: ya zaka imebaki ngapi, ya fitri imebaki ngapi. Na ikubali mtu mmoja kutuma elfu tano akasema tatu ni zaka na mbili ni sadaka.

Shida ni kwamba nia hiyo inatufikia kupitia tundu dogo sana. Anayelipa kwa paybill, nambari ya M-Pesa ambayo shirika hupokelea malipo, huombwa nambari ya akaunti, naye huandika anachotaka. Nimepitia taarifa ya Ramadhani iliyopita. Kwenye safu ya akaunti kuna "zaka", "ZAKAT", "zakaa", "swadaka", "yatima", "asanteni", majina ya watoto, na nukta tupu. Nambari za simu haziwezi kutusaidia kumtambua mtu, maana sasa zinakuja zimefichwa tarakimu za katikati, na mimi naunga mkono kufichwa huko ingawa kumetuongezea kazi. Kitu pekee cha kutegemewa katika mstari mzima ni nambari ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi ambazo hazijirudii.

Jambo jingine: tangu Agosti 2023 muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Mfanyabiashara mwenye zaka kubwa hutuma mara mbili au tatu mfululizo. Taarifa inaonyesha michango mitatu. Yeye ametoa mmoja, na risiti anaitaka moja.

Wazo lililotatua mengi limetoka kwa mhasibu wetu. Kwa nini tusimpe kila mchangiaji nambari yake, na mbele ya nambari iwekwe herufi ya nia? Z kwa zaka, S kwa sadaka, F kwa fitri, W kwa waqfu. Mama Swaleh akiwa 214, akitoa zaka ataandika Z214 kwenye sehemu ya akaunti, na akitoa sadaka S214. Herufi moja na tarakimu tatu, tayari tumejua ni nani na ni ya nini, hata simu ikifichwa na jina likija nusu. Asiyetaka kujulikana ataandika Z000, na pesa zake zitaingia kwa jina la Mja wa Mungu. Sadaka ya siri ina daraja yake, na daftari letu halina ruhusa ya kumfichua anayeitoa.

Hilo limegeuza swali langu. Sitafuti tena programu inayoongea na M-Pesa moja kwa moja. Natafuta inayoweza kusoma Z214.

Jumatano, 29 Januari

Nimepitia programu zilizo mezani.

Excel naiheshimu, imetubeba miaka. Lakini haina njia ya uhakika ya kumficha mtu safu fulani na kumwonyesha nyingine, na tulivyoitumia haituonyeshi nani alibadilisha nini. Kwa kumbukumbu za zaka hilo halitoshi.

Kampuni moja ya Nairobi ilituonyesha mfumo wake kwa video. Unapendeza, unapokea malipo ya simu wenyewe, na kijana aliyetuonyesha alikuwa na subira. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: tukiamua kuhama, tunaondoka vipi na data zetu? Akajibu kwamba kuna ada, na tutapewa ripoti za PDF. Nimewaondoa. Kumbukumbu za wachangiaji ni amana, na amana usiyoweza kuichukua mwenyewe si yako tena.

Salesforce huyapa mashirika yasiyo ya kibiashara leseni kumi bila malipo, na kwa nguvu hakuna kati ya hizi inayoifikia. Ila kuikata na kuishona ikuenee kunahitaji fundi wa kudumu. Mfumo wake uliozoeleka na mashirika, Nonprofit Success Pack, humtengenezea kila mtu kaya na kuiita kaya hiyo kwa jina lake la mwisho. Yanaweza kubadilishwa hayo, lakini tungeanza kwa kubishana na programu juu ya maana ya familia, na anayeweza kubishana nayo analipwa kwa saa.

ERPNext, ya chanzo huria kutoka India, ilimvutia mhasibu kwa sababu ni mfumo wa uhasibu hasa. Upande wa wachangiaji ni mwembamba na umetengwa kuwa programu ya pembeni. Tumeiacha.

Imebaki CiviCRM. Ipo tangu 2005, ni ya chanzo huria, haina ada ya leseni hata watumiaji wawe wangapi, na ilitungwa kwa ajili ya mashirika kama yetu tangu mwanzo. Inakaa ndani ya WordPress, Drupal au Joomla, na tovuti yetu tayari ni ya WordPress.

Mwanakamati mmoja ameniuliza kwa nini tusinunue kitu cha kampuni kubwa ya Marekani tulale usingizi. Nikamsimulia yaliyoifika Blackbaud, ambayo ni miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za programu za wachangiaji duniani. Mwaka 2020 wadukuzi walikaa ndani ya mitambo yake kuanzia Februari hadi Mei. Wateja zaidi ya 13,000 waliguswa, vikiwemo vyuo vikuu na mashirika ya misaada, na kampuni ikalipa kikombozi. Oktoba 2023 ilikubali kulipa dola milioni 49.5 kumaliza kesi na majimbo 49 ya Marekani pamoja na Washington DC. Sisemi kwamba seva yetu ndogo ni salama kuliko yao. Nasema ukubwa wa kampuni hautuondolei wajibu, na kinga ya kwanza ni kutoandika tusichokihitaji. Nambari ya kitambulisho cha mchangiaji, kwa mfano, hatuihitaji kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Shaaban. Nimeisimika CiviCRM kwenye tovuti ya majaribio. CiviCRM hutoa toleo jipya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na leo ndiyo siku yake, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuona kusasisha kunafananaje. Unachukua nakala rudufu, unabadilisha faili, unaendesha hatua ya kusasisha hifadhidata. Si kazi ngumu, lakini ni ya kila mwezi na lazima iwe na mwenyewe. Nimeiweka katika majukumu ya maandishi ya fundi wetu.

Michango migumu ameiingiza mhasibu mwenyewe, mimi nikiwa pembeni bila kugusa kipanya.

Zaka, sadaka, fitri na waqfu zimeingia kama aina za mapato, na kila aina imefungwa kwenye akaunti yake ya hesabu. Elfu tano yenye nia mbili tumeiandikia fomu yenye mistari, mstari wa zaka na mstari wa sadaka, ndani ya mchango mmoja na risiti moja. Imejumlisha ipasavyo kila upande.

Kisha tukajaribu mchango wa Muscat. Kuna dada yetu mmoja huko ambaye kila Ramadhani huzunguka kwa wenzake wenye asili ya huku, akakusanya na kutuma kwa mkupuo. Katika Excel zilikuwa zikiandikwa zake zote, na wenzake hawatambuliki. CiviCRM inakubali mchango uwe wa mtu fulani huku mwingine akitajwa kuwa ndiye aliyeufikisha. Sasa kila mama wa Muscat atakuwa na jina lake na nia yake, na dada ataonekana amefanya kazi ya kukusanya bila pesa kuhesabiwa mara mbili. Mhasibu alipoona ripoti hiyo alisema, "Basi huyu tumwandikie barua ya shukrani yake peke yake," na anastahili.

Kuhusu majina, ipo sehemu ya jina la utani. Tumeigeuza kuwa "Jina la mtaani". Mtaa tumeuongeza wenyewe. Katika kutafuta waliojirudia, programu hukuruhusu kupanga uzito: jina la kwanza alama kadhaa, mtaa alama kadhaa, nambari ya simu alama nyingi zaidi, na jumla ikifika kiwango ulichoweka ndipo inakuonyesha watu wawili kando kwa kando. Unaweza hata kuiambia ilinganishe herufi chache za mwanzo. Tukaiambia iangalie herufi tatu za mwanzo za jina la kwanza. Fatma na Fatuma wa Bondeni wakakutana. Fatima wa Kisauni akabaki peke yake, kama inavyotakiwa. Mohamed na Muhammad haiwezi kuwakutanisha kwa njia hiyo, na hao tutawatafuta kwa mtaa na simu.

Jaribio lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa dogo. Nilipakia taarifa ya M-Pesa ya wiki moja, nikaiweka nambari ya muamala mahali pa kitambulisho cha malipo, halafu nikaipakia taarifa ile ile tena kwa makusudi. Mistari yote ikakataliwa. Programu haikubali kitambulisho hicho kijirudie. Kwa watu waliozoea kunakili na kubandika usiku baada ya tarawehe, macho mazito, kinga hiyo ina thamani kubwa.

Yasiyopendeza nayo niyaandike. Skrini ni nzito kwa aliyezoea Excel. Kuna menyu nyingi ambazo hatutazigusa kamwe. Maneno ni ya Kiingereza, ingawa kuna mahali pa kubadilisha neno moja moja, na tayari tumeweka Mchango, Ahadi, Mchangiaji na Risiti. Barua pepe za kutumwa kwa wengi na vikumbusho havitoki mpaka kazi za kujiendesha zipangwe kwenye seva. M-Pesa haimo ndani yake. Tutapakia taarifa kwa mkono kila asubuhi. Kwa kiasi chetu cha michango naona asubuhi moja ya mhasibu ni bora kuliko kiungo ambacho hatuna wa kukitengeneza kikikatika mwezi mtukufu.

Jumatano, 12 Februari

Kikao cha kamati. Kilikuwa kirefu, na muda mwingi ulikwenda kwenye mambo mawili ambayo hayakuwamo katika ajenda.

La kwanza ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu imani ya mtu, mali yake, hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake kuwa data nyeti. Nikawaomba wanakamati waitazame rekodi moja ya zaka kwa jicho hilo. Inasema mtu huyu ni Mwislamu. Inasema mali yake imefikia nisabu, yaani thamani ya dhahabu isiyopungua gramu 85 imekaa kwake mwaka mzima. Na kwa kuwa zaka ya mali ni asilimia 2.5, anayejua kiasi cha zaka anaweza kupiga hesabu akajua mali yenyewe. Jina la mtaani nalo linamtaja mwanawe. Mstari mmoja wa Excel, uliokuwa ukitumwa huku na huku kwa WhatsApp, umebeba siri za mtu tatu au nne. Chumba kilinyamaza, kisha mwenyekiti akauliza nani kwa sasa ana nakala ya faili hiyo.

Hapo ndipo uamuzi ulipopatikana kwa kweli. CiviCRM inaturuhusu kufunga aina moja ya mapato isionekane ila kwa waliopewa ruhusa. Tumekubaliana kwamba michango ya zaka itaonekana na Maalim na mhasibu tu. Wanaojitolea watamwona mchangiaji, mtaa wake na kama ameshashukuriwa, kiasi hawatakiona. Ukitokea uvujaji, sheria inatupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, kwa hiyo tumeandika nani anampigia nani simu, na karatasi hiyo iko ukutani.

La pili: nani analipia? Programu ni bure, lakini seva, fundi na mafunzo si bure. Mmoja wetu alisema kazi hii inaihudumia zaka, na katika makundi manane wamo wanaoitumikia, basi zaka ichangie. Hoja ina msingi na ilisemwa kwa nia njema. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi napendelea zaka iende nzima kwa mayatima, na sisi tuombe sadaka ya seva kwa jina lake." Wafanyabiashara wawili waliokuwamo wakaahidi papo hapo. Ahadi hizo zimekuwa za kwanza kuandikwa katika CiviCRM.

Kamati imepitisha.

Alhamisi, 20 Februari

Kuhamisha data. Tumehamisha miaka mitatu tu ya nyuma. Iliyotangulia imebaki katika daftari la Maalim, ambalo tumelipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kulifungia kabatini. Kurasa za hati za Kiarabu ametusomea mwenyewe, nasi tukaandika. Amejua kila jina ni la nani, nani ameshafariki, na nani mwanawe ameendeleza alipoachia baba. Hayo yote yameingia kama uhusiano kati ya watu, maana programu ina mahali pa "mtoto wa" na "mke wa" pasipohitaji majina kufanana.

Kuunganisha waliojirudia tumekufanya mezani, watu watatu: mhasibu kwenye kompyuta, mimi na orodha, na mama mmoja mwanakamati anayeijua Bondeni na Makadara nyumba kwa nyumba. Pale programu iliposita, yeye hakusita.

Kadi zimechapishwa. Ukubwa wa kadi ya biashara: nambari ya paybill, nambari ya mchangiaji kwa maandishi makubwa, na chini mistari minne, Z, S, F, W. Wanaojitolea wanazigawa baada ya sala ya Ijumaa, na kwa kina mama kupitia madarasa yao.

Jumanne, 11 Machi

Ramadhani inaendelea. Kadi zinafanya kazi kuliko nilivyotarajia kwa vijana, na kidogo kuliko nilivyotarajia kwa wazee, ambao bado huandika "zaka" kwa neno zima. Hata hivyo neno hilo linatosha kujua nia. Kinachobaki ni kumjua mtu, na hapo mhasibu hutafuta kwa jina la kwanza na mtaa. Safu ya "haijulikani" humalizika kabla ya adhuhuri.

Wengine huandika herufi bila nambari, wengine nambari bila herufi. Kwa nambari bila herufi tumeweka kanuni: anapigiwa simu. Hatukisii nia ya mtu. Ikiwa hapatikani, pesa zinakaa kwenye aina tuliyoiita "Inangoja nia", wala hazitumiki.

Intaneti imekatika mara kadhaa, kwa muda mfupi. Tulilijua hilo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki nzima ilitambaa, na Mombasa ndipo nyaya hizo zinapotua nchini Kenya. Kwa hiyo kuna kitabu cha risiti cha karatasi chenye herufi zile zile nne. Mtandao ukirudi, risiti zinaingizwa kwa nambari zake.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi ukionekana jioni hii, kesho ni Idi. Saa kumi alasiri mhasibu amefungua ripoti ya fitri. Ilionyesha kilichoingia, kilichokwisha kununuliwa mchele, na kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kimeingia leo leo, wengi wakitumia F na nambari zao. Kikundi cha Majengo kimetumwa dukani na kiasi hicho hicho, na magunia yamegawiwa kwa orodha kabla ya isha. Fitri zilizofika baada ya hapo zimepelekwa na kijana wa pikipiki kwa nyumba tatu zilizokuwa za akiba.

Saa tatu usiku fitri ilisoma sifuri. Mwaka jana, saa kama hii, tulikuwa tukihesabu kwa vidole.

Jumanne, 8 Aprili

Yaliyobaki kwa awamu ya pili.

Risiti za wachangiaji wa Muscat zitoke kwa jina la kila mmoja. Orodha ya dada imefika jana na nia zote zimeandikwa, isipokuwa mbili anazozifuatilia. Harambee ya karo ya muhula wa pili iandikwe kama ahadi zenye ratiba ya malipo, ili anayelipa kidogo kidogo aone amebakisha ngapi bila kuuliza. Mafunzo ya mhasibu wa pili yaanze, maana mfumo unaojulikana na mtu mmoja haujakamilika. Jaribio la kurejesha nakala rudufu kwenye kompyuta nyingine lifanyike mbele ya kamati, si kwa maneno.

Mama Swaleh amepigiwa simu na mwenyekiti. Ameuliza kama anaweza kupata kadi ya pili kwa ajili ya Swaleh, ambaye ameanza kazi bandarini na anataka nambari yake mwenyewe. Amepewa.